Kupunguza vyuma na kamba kwenye sitaha ya boti ya tanga: maswali yanayoulizwa sana hapa Lamu

Haya ni maswali ambayo wenye boti za matanga na vijana wanaofanya kazi ndani yake huwa wanauliza kila msimu, kuanzia gati ya Lamu mjini mpaka Shela na ng'ambo Manda. Majibu ni ya boti za mita 7 mpaka 12 hivi, zenye tanga kubwa lenye bumu na tanga moja la mbele. Kwa kamba nimetumia majina ya mabaharia wetu wenyewe, demani ni ile ya kukaza na kulegeza tanga, jarari ni ile ya kutwekea, yani kupandishia tanga. Kapi ni gurudumu la kupitishia kamba, winchi ni ngoma ya kuzungushia kamba ili kuvuta mzigo, kliti ni kifaa cha kufungia kamba, na klachi ni kibano cha kuishikilia kamba. Bumu ni ule mti wa chini ya tanga kubwa.

Kurahisisha sitaha ndo nini hasa? Ni kung'oa vyuma tu?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapotea njia. Mtu anang'oa winchi mbili, anatoa kapi tano, anaona sitaha imekuwa safi anafurahi, alafu siku kusi imevuma kweli kweli nje ya mlango wa Shela anajikuta anavuta demani kwa mikono miwili na mguu umekanyaga ukingoni. Hio si kurahisisha, hio ni kuhamisha kazi kutoka kwa chuma kuipeleka mgongoni kwako.

Kipimo changu ni kimoja tu: upepo ukiongezeka ghafla, mtu mmoja anaweza kupunguza tanga bila kukimbia huku na huku, bila kumuita mtu, na bila kufikiria kamba gani ni ya nini? Kama jibu ni ndio, sitaha yako ni rahisi hata kama ina winchi nne. Kama ni la, basi bado, hata kama hauna kliti zaidi ya mbili.

Mbona mashua zetu zina kamba chache na zinaenda vizuri tu? Si tuige hizo?

Swali zuri sana na nalipenda. Ukiangalia mashua ya Lamu inayopita pale mbele ya mji utaona mlingoti mmoja, foromali (mti unaobeba tanga), tanga, jarari yenye kapi kubwa za mbao, demani, joshi (kamba ya kona ya mbele ya tanga), na kamba za kushikilia mlingoti. Hakuna winchi hata moja, hakuna klachi, vyuma vya stenles hakuna. Kamba inafungwa kwenye mti au inazungushwa kwenye boriti na kufunguliwa kwa mvuto mmoja. Kitu kikikatika kinatengenezwa kijijini Matondoni au hata pale pale ufukweni kwa kamba na kisu.

Lakini tazama watu. Mashua inatembea na mikono mingi. Kugeuza upande si kuzungusha usukani tu ukahamisha demani, foromali inasimamishwa wima karibu na mlingoti, tanga linapitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, kamba za kushikilia mlingoti nazo zinahamishwa ziende upande wa upepo, na watu wenyewe wanahama, na kwenye mashindano utawaona wamekaa nje kabisa kwenye ubao uliotokeza pembeni ili chombo kisilale. Na upepo ukizidi, mara nyingi tanga halipunguzwi, linateremshwa likatwekwa lingine dogo. Kila mtu anajua kazi yake bila kuambiwa, na ujuzi huo umeanza utotoni.

Yani mashua imeweka ugumu wote kwa watu na ikabaki na vyuma vichache, boti ya kisasa imefanya kinyume, watu wawili na vyuma vingi. Huwezi kuchukua uchache wa watu kutoka huku na uchache wa vyuma kutoka kule ukategemea mambo yaende. Kitu cha kuiga kwenye mashua ni nidhamu yake: kila kamba ina kazi inayojulikana, njia yake ni fupi na inaonekana kwa macho, na ikiharibika unaweza kuitengeneza ukiwa baharini. Hayo matatu yaweke kichwani, mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Naanza kutoa nini kwanza?

Usianze kutoa chochote. Chukua tepu ya rangi, fungia kipande kidogo kwenye kila kliti, kila kapi, kila winchi na kila kamba. Kila unapotumia kitu, bandua tepu yake. Fanya hivyo msimu mzima ukiweza, manake wakati wa kaskazi kuna vitu hauvigusi kabisa alafu kusi ikianza unavihitaji kila siku. Mwisho wa msimu vile vyenye tepu bado ndo vya kuulizwa maswali.

Tahadhari hapo: vifaa vya dharura visihesabiwe. Kliti ya kuvutiwa na boti nyingine, kamba ya akiba ya kutwekea, mahali pa kufungia mkanda wa usalama, hivyo vinaweza kukaa mwaka mzima bila kuguswa na bado vina haki ya kuwepo.

Kamba zote nizilete nyuma kwenye kokpiti, pale anapokaa nahodha, au niziache pale kwenye mlingoti?

Hili ndo swali linaloleta ubishi zaidi, na kila upande una hoja.

Ukileta nyuma unabaki umekaa, hauendi mbele boti ikirukaruka, mtoto au mgeni anaweza kusaidia. Gharama yake ni msuguano. Jarari ikitoka juu ya mlingoti inashuka mpaka chini, inapinda kwenye kapi ya chini ya mlingoti, inapita kapi mbili za sitaha kuelekezwa pembeni, inaingia kwenye klachi, ndo inafika kwenye winchi. Kila kona inakula nguvu. Tuseme kila kapi inakula asilimia 5, kona nne zinakuacha na kama asilimia 81 ya nguvu uliyovuta. Kapi zikiwa kuukuu au za kusugua tu na kila moja inakula asilimia 10, unabaki na kama 66. Thuluthi nzima imepotea njiani. Alafu uzito wa tanga wenyewe nao lazima ushinde msuguano huo huo wakati wa kushuka, ndo maana kuna boti tanga halishuki mpaka mtu aende mbele kulivuta kwa mikono. Sasa kama unaenda mbele hata hivyo, faida ya kuleta kamba nyuma iko wapi?

Ushauri wangu ni huu na ninausimamia: kazi moja isigawanywe sehemu mbili. Kupunguza tanga kunahitaji jarari, kamba ya kona ya mbele na kamba ya kona ya nyuma. Ama zote tatu ziwe kwenye mlingoti, ama zote tatu ziwe kokpiti. Ubaya mkubwa kuliko wote ni jarari iko nyuma na ndoana ya kona ya mbele iko kwenye mlingoti, manake hapo mtu mmoja analazimika kwenda na kurudi mara tatu wakati tanga linapigapiga, na ndo wakati watu wanaangukia majini.

Kama una boti ndogo na unasafiri zaidi ndani ya mikondo, baina ya Lamu, Manda na Pate, mlingotini ni sawa kabisa, maji yametulia na vifaa ni vichache. Kama unatoka nje bahari kuu, au mara nyingi uko peke yako, leta nyuma, lakini lipia kapi nzuri zenye beringi kwenye zile kona kali. Na tanga la mbele likiwa la kujizungusha kwenye kamba yake ya chuma, jarari yake haina haja ya kuja nyuma kabisa, huwa inatwekwa mara moja msimu mzima, iache mlingotini ifungwe kwenye kliti basi.

Nitajuaje kapi inabeba mzigo kiasi gani?

Angalia pembe. Watu wananunua kapi kwa kuangalia unene wa kamba tu, hilo ni kosa. Kamba ikiwa imevutwa kwa kilo 100 na inarudi ilikotoka, yani imegeuka digrii 180, kapi inabeba kilo 200. Ikipinda digrii 90 inabeba kama 141. Ikipinda 60 ni 100, na ikipinda 30 tu ni kama 52. Kwa hio kapi ya juu ya mlingoti na ile ya chini yake ndo zinateseka, wakati ile inayoelekeza kamba kidogo tu pembeni mwa sitaha haina kazi kubwa.

Hapo ndo unaweza kuokoa pesa. Penye pembe ndogo hauhitaji kapi yenye gurudumu kabisa, pete laini ya aluminiamu iliyofungwa kwa kamba inatosha, haina beringi ya kuingia mchanga, haina pini ya kuliwa na chumvi. Penye pembe kali na kamba inayokimbia sana, kama demani ya tanga kubwa, pete haifai, inasugua na kuchoma kamba. Hapo weka kapi ya kweli.

Na ukifunga kapi mbili ili kupunguza uzito, kumbuka hesabu haikupi kitu cha bure: uzito nusu, kamba mara mbili. Nimeona boti demani ya tanga kubwa ina kapi za kugawa uzito mara sita kwenye boti ya mita 7, mtu anavuta kamba mpaka anachoka wakati mara nne ingetosha, na ile kamba yote iliyozidi imelala miguuni.

Kamba gani ninunue? Ile ya plastiki ya hadwea si ni bei nafuu?

Ile ya plastiki, ya buluu au ya kijani, ni nzuri kwa wavuvi kwa sababu inaelea. Kwa demani na jarari hapana. Inateleza mkononi, inakataa kukaa kwenye fundo, na jua letu linaimaliza. Lamu iko digrii 2 tu kusini mwa ikweta, jua linapiga sitaha mwaka mzima, kamba ya aina hio inaanza kuwa na vumbi jeupe na kukatika nyuzi nyuzi, na ikifika hapo haina maana tena hata ya kufungia mtumbwi.

Polyesta iliyosukwa ndo kamba ya kazi. Haivutiki sana, inavumilia jua, inashikika mkononi, bei yake inabebeka. Kwa boti nyingi za hapa polyesta inatosha kwa demani zote na jarari zote. Nailoni inavutika, kwa hio iweke kwenye nanga na kamba za kufungia gatini, pale unataka mvutiko ili kunyonya mshtuko. Ukiiweka nailoni kwenye jarari tanga litalegea kila upepo ukipuliza.

Dainima, kamba ya nyuzi za kisasa, ni nyepesi, inaelea, ina nguvu kama waya wa chuma wa unene ule ule au zaidi, na karibu haivutiki kabisa. Lakini inateleza, mafundo yanafunguka na yanapunguza nguvu yake sana, kwa hio inataka kuunganishwa kwa kuingizwa ndani kwa ndani, na inayeyuka kwa joto la kama digrii 145, sio jambo la mchezo ikisuguliwa kwa kasi kwenye chuma. Mimi naiona inafaa sehemu moja kwa uhakika: kutengeneza shakeli (pingu za kuunganishia) za kamba badala ya shakeli za chuma. Shakeli ya kamba haishiki kutu, haidondoki pini, na haimpasui mtu kichwa.

Unene je? Kuna nguvu na kuna mkono. Polyesta ya milimita 8 ina nguvu ya kutosha kwa demani nyingi za boti ya mita 8 lakini inakata viganja, ya 10 inashikika vizuri. Jitahidi kamba zote za kushikwa ziwe unene mmoja au miwili tu, ukifanya hivyo klachi na kliti zinakuwa za aina moja na kamba moja ya akiba inatosha kuokoa yoyote itakayokatika.

Demani za tanga la mbele nizifunge kwa shakeli au fundo?

Fundo la kitanzi kisichokaza, lile kila baharia analijua. Shakeli ya chuma kwenye kona ya tanga linalopigapiga ni silaha, inaweza kuvunja meno au jicho. Mwisho wa pili wa demani weka fundo la nane ili isikimbie ikatoka kwenye kapi.

Winchi ngapi zinatosha?

Boti ya mita 8 na tanga la mbele lisilo kubwa sana: mbili za demani za mbele, na moja ya jarari na kupunguza tanga, basi. Jarari zinaweza kushiriki winchi moja kupitia klachi, manake hautweki matanga mawili dakika ile ile. Hio peke yake huwa inaondoa winchi moja au mbili kwenye boti za zamani ambazo kila kamba ilipewa yake.

Ukizipunguza, zile zilizobaki ziwe nzuri. Winchi inayojishikilia kamba yenyewe ni ghali lakini inaondoa mtu mmoja, kwa sababu hauhitaji mwingine kuvuta mkia wakati wewe unazungusha mkono wa winchi. Kwa mtu anayesafiri na mkewe au na kijana mmoja, hio ndo pesa ya kwanza ningetumia, kabla hata ya matanga mapya.

Alafu angalia kamba inaingiaje. Inatakiwa ije kwenye ngoma kutokea chini kidogo, si kutokea juu wala sambamba kabisa. Ikija vibaya mzunguko mmoja unapanda juu ya mwingine na kamba inajikaba, na kuifungua ikiwa na mzigo ni kazi na hatari. Wengi wanalaumu winchi wakati shida ni kapi iliyo kabla yake, isogeze au inyanyue sentimita chache tu na tatizo limeisha.

Wafundishe wageni hili kabla ya kung'oa nanga: winchi inazunguka upande wa saa, anza na mzunguko mmoja au miwili kamba ikiwa nyepesi, ongeza iwe mitatu au minne mzigo ukija, vidole vibaki mbali na ngoma. Kulegeza kidogo, bana mizunguko kwa kiganja na uachie taratibu.

Kliti ya pembe, kliti ya meno au klachi?

Kliti ya pembe ndo rafiki wa kweli, haina sehemu inayotembea, na kamba inafunguka hata ikiwa na mzigo. Ukubwa wake kwa kamba ya milimita 12 ni kama sentimita 19 au 20, ikiwa ndogo kamba haikai. Ifunge ikiwa imeinama kidogo, kama digrii 15 kutoka mstari wa kamba inapotokea, isijikabe. Kuzungusha: mzunguko mmoja mzima kwenye shina, nane moja au mbili, malizia na kitanzi cha kufunga. Kuirundikia nane sita hakuongezi usalama, kunaongeza dakika tu siku unapotaka kuifungua haraka.

Kliti ya meno ni nzuri kwa demani ya tanga kubwa, unavuta inashika, unanyanyua inaachia. Iweke mahali unapoweza kunyanyua kamba kutokea ulipokaa, si lazima usimame. Klachi inafaa pale kamba kadhaa zinatumia winchi moja. Ubaya wa klachi ni mtu kuifungua kamba ikiwa na mzigo mzito bila kuzungusha kwenye winchi kwanza, kamba inaruka na kuchoma mikono. Hio iwe sheria ndani ya boti yako.

Kusi ikipanda napunguza tanga kwa utaratibu gani?

Mapema. Ukianza kujiuliza kama ni wakati, wakati umefika. Utaratibu kwa boti yenye kamba mbili za kupunguzia: legeza demani ya tanga kubwa mpaka tanga litulie bila nguvu, nyanyua bumu kidogo kwa kamba yake ya juu, shusha jarari mpaka alama, kaza kona ya mbele, kaza jarari tena iwe ngumu, kaza kona ya nyuma mpaka ikae kabisa kwenye bumu, achia kamba ya kunyanyulia bumu, ndo sasa urudishe demani.

Hio alama kwenye jarari ndo kitu cha bei rahisi kuliko vyote na kinachosaidia kuliko vyote. Shona uzi wa rangi kwenye kamba mahali inapokaa kwenye klachi tanga likiwa limepunguzwa mara ya kwanza, na mwingine mara ya pili. Usiku bila taa unaihisi kwa kidole. Bila alama mtu anashusha sana au kidogo, kona ya mbele haifiki kwenye ndoana, anapandisha tena, anashusha tena, na muda wote huo tanga linajipiga linaharibika.

Kuna mfumo wa kamba moja inayovuta kona zote mbili pamoja. Kwa boti ndogo unafanya kazi. Kwa tanga kubwa kamba inakuwa ndefu mno na msuguano unakuwa mwingi mno, kona moja inakaza nyingine bado. Napendelea kamba mbili fupi.

Tanga la mbele la kujizungusha, linafaa au ni mzigo?

Linafaa, ndo kifaa kimoja cha kuongeza ambacho kweli kinapunguza kazi. Lakini kina masharti. Kamba yake iingie kwenye ngoma kwa pembe ya mraba, tanga likishakunjwa lote ngoma ibaki na mizunguko kadhaa ya akiba kwa sababu upepo mkali unakunja tanga kwa kubana zaidi na kula kamba zaidi, na unapolifungua shikilia ile kamba kidogo mkononi isijirundike ovyo ndani ya ngoma. Na likigoma, usilipeleke kwenye winchi kwa nguvu! Tazama juu kwanza. Mara nyingi jarari imejisokota pale kileleni, ukilazimisha unavunja kitu ambacho fundi wake hayuko karibu.

Mikia ya kamba inajaa kokpiti kama tambi, nifanyeje?

Mifuko ya turubai au ya wavu, mmoja kila upande, kamba inaingizwa tu bila kuikunja, kuanzia mwisho wake ili upande wa klachi ukae juu. Wavu ni bora kuliko turubai, unapitisha hewa na mchanga unaanguka chini. Fundi yeyote anayeshona matanga mjini atakushonea. Alafu kata kamba zilizozidi urefu, watu wanaogopa kukata, lakini pima tanga likiwa limeshushwa kabisa, ongeza mita moja au mbili, kata, choma ncha na uifunge uzi.

Rangi za kamba zina maana?

Rangi zako ndo sheria yako, mradi demani zote za tanga moja ziwe na rangi moja. Lakini muhimu kuliko rangi ni maneno. Kabla ya kuondoka kubalianeni: legeza, kaza, funga, achia, tua. Kila neno jambo moja. Nahodha akisema "vuta hio" mtu hajui ni ipi, akisema "kaza demani ya mbele" hakuna wa kuuliza.

Kuna mtu amewahi kwenda mbali na boti yenye vyuma vichache hivyo?

Yuko anayetajwa sana na ana haki ya kutajwa. Mwaka 1960 yalifanyika mashindano ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, kutoka Plymouth kule Uingereza mpaka New York, na boti tano tu zilishiriki. Mwanzilishi wa wazo hilo, Blondie Hasler, alienda na boti yake Jester ya mita 7.6 yenye tanga la mtindo wa Kichina, lenye mbavu za mbao. Tanga moja tu, na kamba zote zinakuja kwenye tundu katikati ya sitaha, yeye amesimama ndani. Kupunguza tanga kwenye mfumo huo ni kulegeza jarari tu, mbavu zinajilaza moja juu ya nyingine zenyewe. Alifika wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester aliyetumia siku 40 na boti kubwa zaidi.

Simwambii mtu abadilishe tanga lake liwe la Kichina, na tanga hilo linapoteza kidogo ukienda joshi, yani kuukabili upepo. Ninachokitazama ni vile alivyoanza na swali: mtu mmoja, Atlantiki, usiku, afanye nini bila kutoka nje? Alijibu hilo kwanza, vyuma vikafuata.

Nimeng'oa vifaa, matundu kwenye sitaha nizibe na nini?

Usizibe na silikoni peke yake, tafadhali. Sitaha nyingi za fiba zina mbao laini au povu katikati, maji yakipita kwenye tundu la bolti yanalowesha ule moyo na sitaha inakuwa laini chini ya mguu miaka kabla hujaona chochote. Panua tundu, chokoa ule moyo pembeni kidogo, acha pakauke kabisa, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wake wa kuifanya nzito. Ukitaka kufunga kifaa kipya pale pale, toboa katikati ya ile epoksi, hapo bolti haigusi moyo tena.

Sitaha ya mbao ni rahisi zaidi, kipande cha mti mgumu kilichochongwa duara na gundi, na mafundi wetu wa kalafati, wanaoziba mianya ya mbao, wanaijua kazi hio kuliko mtu yeyote.

Kila kifaa kinachobeba mzigo kipitishwe bolti mpaka chini na kiwekwe bamba upande wa ndani, si parafujo tu. Stenles iwe ya 316, ile ya 304 inatoa madoa ya kutu haraka kwa hewa yetu. Na bolti ya stenles kwenye mlingoti wa aluminiamu ipakwe pesti ya kutenganisha, manake metali hizo mbili zikikutana na maji ya chumvi aluminiamu inaliwa, inageuka unga mweupe.

Vilivyobaki navitunzaje na maji matamu yenyewe ya shida?

Adui hapa ni chumvi, jua, na ule mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo kutoka vilima vya Shela. Maji matamu ya kisiwa yanatoka chini ya vilima hivyo hivyo, kwa hio kuacha mpira unamwagika juu ya sitaha si haki kwa majirani. Ndoo moja na kitambaa vinatosha ukifuata mpangilio: kapi za juu kwanza, alafu winchi, alafu klachi, maji machafu yanashukia sitaha. Kamba ziloweke kwenye ndoo ile ile mwisho, usiku mmoja, bila sabuni kali. Masika ikianza ondoa vifuniko siku za mvua, mvua ifanye kazi.

Winchi ifunguliwe angalau mara moja kwa mwaka, kaskazi inapoisha ni wakati mzuri. Tandaza shuka chini kwanza, spring ndogo zinaruka na zikiingia majini hazirudi. Osha kwa mafuta ya taa na mswaki, kausha, grisi nyembamba kwenye gia na beringi. Vile vimeno vidogo vinavyozuia ngoma kurudi nyuma vipakwe mafuta mepesi tu, kamwe usivipake grisi, vikigandia winchi itaachia mzigo ghafla na mkono wa winchi utazunguka umpige mtu. Ukimaliza, zungusha ngoma kwa mkono na usikilize: vimeno vyote vinatakiwa vilie sawasawa, tik tik tik. Kama kuna kimoja hakisikiki, fungua tena kabla boti haijatoka.